Nani Hubadilisha Katiba? Theluthi Mbili na Nafasi ya Mwananchi

Utangulizi

Katika madarasa ya itikadi, katika mikutano ya hadhara na hata katika mabaraza ya wazee, maneno matatu hutumika kama kwamba yana maana moja: kurekebisha Katiba, kubadilisha Katiba na kuandika Katiba mpya. Kuyachanganya maneno haya ni zaidi ya kuteleza kwa ulimi. Mtu asiyejua tofauti yake hawezi kujua ni lini haki yake inatumiwa na ni lini inatumiwa kwa niaba yake bila yeye kuulizwa. Kwa hiyo katika makala haya tutajaribu kujibu maswali mawili. Kwanza, Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania hubadilishwa kwa utaratibu gani? Pili, katika utaratibu huo mwananchi wa kawaida anasimama wapi?

Ili maelezo yetu yasielee hewani, tutamtazama mwananchi wa Kikatiti. Kikatiti ni kata iliyo kando ya barabara kuu ya Arusha na Moshi, chini ya Mlima Meru, katika Wilaya ya Arumeru. Mkulima wa hapo analima mahindi na maharage, analipa ushuru sokoni, anapeleka watoto shule, na kila baada ya miaka mitano anapanga foleni kumchagua Mbunge wa Arumeru Mashariki. Katiba imempa haki na imemwekea wajibu. Je, Katiba hiyo ikibadilishwa, yeye anahusikaje?

Hatukuchagua sehemu hii kwa kubahatisha. Watu wa Meru wana historia ndefu ya kudai haki mbele ya vyombo vya sheria, na historia hiyo, kama tutakavyoona, iligota kwenye hesabu ileile ya theluthi mbili ambayo leo ndiyo ufunguo wa kubadilisha Katiba yetu.

Kwa nini Katiba iwe ngumu kubadilisha

Katiba ni sheria iliyo juu ya sheria nyingine zote. Inaeleza dola ni nini, nani ana madaraka, madaraka hayo yana mipaka gani, na raia ana haki gani ambazo mwenye madaraka hawezi kumnyang'anya apendavyo. Sheria ya kawaida, kwa mfano sheria ya ushuru au ya usalama barabarani, hupitishwa na Bunge kwa wingi wa kawaida. Akidi ya Bunge ni nusu ya Wabunge wote, na uamuzi hufanywa kwa wingi wa kura za Wabunge waliohudhuria na kupiga kura. Maana yake ni kwamba sheria ya kawaida yaweza kupita kwa kura za zaidi kidogo ya robo ya Wabunge wote.

Kama Katiba nayo ingebadilishwa kwa njia hiyo, isingekuwa na tofauti na sheria ya ushuru. Serikali iliyobanwa na Katiba asubuhi ingeweza kuilegeza jioni. Ndiyo sababu nchi nyingi zenye Katiba iliyoandikwa zimeweka mlango mwembamba zaidi kwa ajili ya mabadiliko ya Katiba. Lakini mlango huo ukizidi kuwa mwembamba, Katiba hugeuka jiwe, na watu ambao hali yao ya maisha imebadilika hujikuta wanatawaliwa na maneno ya waliokwisha kufa. Tatizo la nadharia, basi, ni hili: Katiba iwe ngumu kiasi gani, na ugumu huo umlinde nani?

Funzo la Meru, 1951 na 1952

Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru kutoka Engare Nanyuki, upande wa kaskazini mashariki wa mlima, ili ardhi hiyo wapewe walowezi. Nyumba zilichomwa na mifugo ilipotea. Tanganyika wakati huo ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, ikitawaliwa na Uingereza. Wameru hawakuwa na Katiba waliyoitunga wao, wala hawakuwa na Mbunge waliyemchagua. Walichokuwa nacho ni haki ya kupeleka malalamiko kwa mdhamini.

Walichanga fedha na kumtuma Kirilo Japhet, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, mpaka New York. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisimama mbele ya vyombo vya Umoja wa Mataifa na kueleza yaliyowapata watu wake. Azimio la kuwaunga mkono lilipofika kwenye Baraza Kuu lilipata kura nyingi kuliko za wapinzani. Hata hivyo halikupita, kwa sababu kanuni ilidai theluthi mbili, na theluthi mbili haikupatikana.

Kutokana na tukio hili tunajifunza mambo mawili. La kwanza ni kwamba utaratibu wa kupiga kura si mapambo. Hesabu moja tu iliamua kama familia zingerudishiwa mashamba yao au la. La pili ni kwamba sharti la theluthi mbili halina wema wala ubaya ndani yake lenyewe. Laweza kumlinda mnyonge asidhulumiwe na walio wengi, na laweza kumlinda mwenye nguvu asilazimishwe kurudisha alichochukua. Hatuna budi kuuliza kila mara: theluthi mbili ya nani, waliochaguliwa na nani, wakiamua jambo gani?

Milango miwili ya ibara ya 98

Utaratibu wa kubadilisha Katiba ya mwaka 1977 umewekwa katika ibara ya 98. Ibara hiyo imelipa Bunge la Jamhuri ya Muungano madaraka ya kubadilisha sharti lolote la Katiba kwa kutunga sheria. Neno "kubadilisha" limepewa maana pana: ni pamoja na kurekebisha, kusahihisha, kufuta na kuweka masharti mengine mahali pa yaliyofutwa. Ibara ina milango miwili.

(a) Mlango wa kwanza. Kwa masharti mengi ya Katiba, na kwa sheria kadhaa zilizotajwa katika Orodha ya Kwanza ya Nyongeza ya Pili, muswada sharti uungwe mkono na Wabunge wasiopungua theluthi mbili ya Wabunge wote.

(b) Mlango wa pili. Kwa mambo yanayogusa misingi ya Muungano, yaliyotajwa katika Orodha ya Pili ya Nyongeza hiyo, muswada sharti uungwe mkono na theluthi mbili ya Wabunge wote kutoka Tanzania Bara, na vilevile theluthi mbili ya Wabunge wote kutoka Tanzania Zanzibar. Mambo hayo ni manane: kuwapo kwa Jamhuri ya Muungano, kuwapo kwa Ofisi ya Rais wa Jamhuri ya Muungano, madaraka ya Serikali ya Jamhuri ya Muungano, kuwapo kwa Bunge la Jamhuri ya Muungano, madaraka ya Serikali ya Zanzibar, Mahakama Kuu ya Zanzibar, orodha ya mambo ya Muungano, na idadi ya Wabunge kutoka Zanzibar.

Hebu tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme Bunge lina Wabunge 300, kati yao 240 wanatoka Bara na 60 wanatoka Zanzibar. Kwa mlango wa kwanza zinahitajika kura 200. Neno "wote" lina uzito wake: Mbunge aliyelala nyumbani, aliye safarini au aliyeacha kupiga kura hapunguzi hesabu. Kwa vitendo amehesabiwa pamoja na waliokataa. Kwa mlango wa pili zinahitajika kura 160 za Bara na kura 40 za Zanzibar. Ikiwa Wabunge 21 tu wa Zanzibar watakataa, muswada umeanguka, hata kama wenzao wote 279 wameukubali.

Mtu asiyejua historia aweza kusema hilo ni jambo la ajabu, watu 21 kuwashinda 279. Lakini Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 ulifanywa na nchi mbili, moja kubwa na moja ndogo. Kama mambo ya Muungano yangeamuliwa kwa hesabu ya vichwa peke yake, mshirika mdogo angekuwa amejiunga ili ameze na kumezwa siku hiyohiyo. Mlango wa pili ni ahadi kwamba hatabadilishiwa masharti bila ridhaa yake. Ahadi hiyo ina kazi hata leo. Hati za Muungano za mwaka 1964 zilitaja mambo 11 ya Muungano. Katiba ya sasa inataja 22. Ubishi kuhusu namna orodha hiyo ilivyorefuka umekuwa sehemu kubwa ya siasa za Muungano kwa miaka mingi.

Safari ya muswada

Kwa kuwa mabadiliko ya Katiba hufanywa kwa sheria, muswada wake hupita katika njia ya miswada mingine. Huchapishwa katika Gazeti la Serikali; husomwa mara ya kwanza; hupelekwa kwenye Kamati ya Bunge, ambayo yaweza kuwaita watu na vyama vya kijamii watoe maoni; husomwa mara ya pili na kujadiliwa; hupitiwa kifungu kwa kifungu na Bunge likikaa kama Kamati; kisha husomwa mara ya tatu na kupigiwa kura. Hapo ndipo theluthi mbili huhesabiwa.

Baada ya hapo muswada huenda kwa Rais. Akiukubali unakuwa sheria. Akiukataa, huurudisha Bungeni pamoja na sababu zake. Hauwezi kupelekwa kwake tena kabla ya miezi sita kupita, isipokuwa umeungwa mkono na theluthi mbili ya Wabunge wote. Ukipelekwa tena kwa kuungwa mkono hivyo, Rais anapaswa kuukubali katika siku 21, au alivunje Bunge. Maana ya kuvunja Bunge ni kwamba ugomvi umerudishwa kwa wapiga kura. Hapo mwananchi wa Kikatiti anaingia, lakini anaingia kwa mlango wa nyuma, baada ya wakubwa kushindwa kuelewana.

Tuseme wazi jambo ambalo wengi hawalijui. Katika njia yote hii hakuna mahali ambapo Katiba inaagiza kura ya maoni ya wananchi. Wala hakuna mahali ambapo mkutano wa kijiji, hata uwe na wajumbe wote, waweza kuanzisha muswada wa kubadilisha Katiba. Sauti ya Kikatiti yote imewekwa mdomoni mwa Mbunge mmoja. Ibara ya 8 inasema kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Ibara ya 98 inakabidhi mamlaka ya kubadilisha Katiba kwa wawakilishi wao. Kati ya ibara hizo mbili kuna nafasi, na historia yetu yote ya mabadiliko ya Katiba imetendeka katika nafasi hiyo.

Mabadiliko 14: tunajifunza nini?

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 kwa Katiba iliyotolewa Uingereza. Mwaka 1962 Bunge lilijigeuza kuwa Bunge la Katiba na kutunga Katiba ya Jamhuri. Mwaka 1965 ilikuja Katiba ya Muda ya Jamhuri ya Muungano, iliyoweka mfumo wa chama kimoja kwa TANU upande wa Bara na ASP upande wa Zanzibar. Katiba hiyo iliyoitwa ya muda ilidumu miaka 12. Mwaka 1975 ilibadilishwa ili kutamka ukuu wa Chama. Baada ya TANU na ASP kuungana na kuzaa CCM tarehe 5 Februari 1977, tume ya watu 20 chini ya Thabit Kombo, ileile iliyoandaa Katiba ya Chama kipya, iliandaa mapendekezo ya Katiba ya nchi. Wabunge walikaa kama Bunge la Katiba na kuipitisha Aprili 1977. Wananchi hawakupewa muda wa kuijadili rasimu kwa mapana.

Kati ya mwaka 1977 na 2005 Katiba hiyo ilibadilishwa mara 14. Hatutayaeleza yote. Tutachukua manne ambayo kila moja lina funzo lake.

Mabadiliko ya Tano, 1984. Januari 1983 Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ilitoa mapendekezo kuhusu madaraka ya Rais, kuimarisha Bunge, uwakilishi, kuimarisha Muungano na madaraka ya wananchi. Mjadala ulifunguliwa nchi nzima kwa muda wa mwaka mmoja. Wananchi, na hasa wanasheria, wakadai jambo ambalo halikuwa kiini cha mapendekezo hayo: haki za binadamu ziandikwe ndani ya Katiba. Dai hilo lilishinda. Mabadiliko ya mwaka 1984 yaliingiza sura ya haki na wajibu, na yakaweka ukomo wa vipindi viwili vya miaka mitano kwa Rais. Utekelezaji wa haki hizo mahakamani uliahirishwa mpaka mwaka 1988, ili Serikali ipate muda wa kurekebisha sheria zilizopingana nazo. Funzo ni kwamba mjadala wa kweli hubadilisha hata ajenda ya aliyeuanzisha.

Mabadiliko ya Nane, 1992. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ili ikusanye maoni kuhusu mfumo wa chama kimoja au vyama vingi. Karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo Tume ilipendekeza vyama vingi, Chama kikakubali, na Bunge lenye Wabunge wa chama kimoja tu likayafuta masharti yaliyokipa chama hicho ukuu. Kuanzia Julai 1992 mfumo wa vyama vingi ukawa sheria. Kama hoja ingekuwa hesabu peke yake, jambo hilo lisingefanyika. Waliotetea uamuzi huo walisema kwamba asilimia 20 ya taifa si watu wa kupuuzwa, na kwamba haki ya kujiunga na chama haipimwi kwa wingi wa wasioitaka. Funzo ni gumu: kuwasikiliza wananchi si sawa na kuhesabu vichwa. Lakini papo hapo mtu aweza kuuliza kwa haki, nani basi aliyepewa ruhusa ya kuamua kinyume cha walio wengi?

Mabadiliko ya Kumi na Moja, 1994. Mabadiliko haya yaliondoa utaratibu ambao Rais wa Zanzibar alikuwa Makamu wa Rais wa Muungano kwa wadhifa wake, na badala yake akawekwa mgombea mwenza. Sababu iliyotolewa ni kwamba katika vyama vingi Rais wa Muungano na Rais wa Zanzibar wangeweza kutoka vyama tofauti. Wazanzibari wengi waliona kwamba kiti chao katika meza ya Muungano kimeondolewa. Utaratibu waweza kufuatwa na bado kidonda kikabaki.

Mabadiliko ya Kumi na Tatu, 2000. Kabla yake Serikali ilitoa waraka wa maoni, na Kamati chini ya Jaji Robert Kisanga ikazunguka nchini kukusanya maoni. Yaliyopitishwa mwaka 2000 ni pamoja na Rais kuchaguliwa kwa kura nyingi kuliko wengine, bila sharti la kupata zaidi ya nusu, na Rais kupewa nafasi za kuteua Wabunge wasiozidi 10.

Kutokana na mifano hii minne tunaweza kutoa kanuni moja. Nguvu ya theluthi mbili hutegemea Bunge lilivyo. Katika Bunge lenye mawazo mbalimbali, theluthi mbili hulazimisha pande zizungumze. Katika Bunge la chama kimoja, au Bunge ambalo chama kimoja kina karibu viti vyote, theluthi mbili ni mlango usio na kitasa. Hapo ulinzi pekee unaobaki ni dhamiri na nidhamu ya chama chenyewe, na uhai wa mjadala nje ya Bunge.

Mahakama yaweza kufanya nini?

Swali hili lilijibiwa katika kesi ndefu ya mgombea binafsi. Mwaka 1994 Mahakama Kuu, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, iliamua kwamba raia ana haki ya kugombea uongozi bila kudhaminiwa na chama. Mwaka huohuo Bunge likabadilisha Katiba ili kuzuia jambo hilo. Mtikila alirudi mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikasema mabadiliko hayo yanakwenda kinyume na haki za msingi zilizomo katika Katiba ileile. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo. Ilisema kwamba mahakama haiwezi kutamka kuwa ibara ya Katiba ni kinyume na Katiba, isipokuwa kama ibara hiyo haikupitishwa kwa utaratibu wa ibara ya 98, na kwamba suala hilo ni la kisiasa linalopaswa kumalizwa na Bunge.

Kwa maneno mengine, nchini kwetu mahakama hukagua njia iliyopitiwa na haipimi shabaha iliyofikiwa. India ilichukua msimamo tofauti. Mwaka 1973 Mahakama Kuu ya Juu ya nchi hiyo iliamua, katika shauri la Kesavananda Bharati, kwamba Bunge laweza kubadilisha Katiba lakini haliwezi kuharibu muundo wake wa msingi.

Shauri la Mtikila halikuishia hapo. Lilifika kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake mjini Arusha. Mwaka 2013 mahakama hiyo iliamua kwamba kumzuia mgombea binafsi kunavunja Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na ikaagiza Tanzania ichukue hatua za kikatiba na za kisheria kurekebisha jambo hilo. Mwaka 1952 mtu wa Meru aliyetaka kuishitaki dola alilazimika kuvuka bahari mpaka New York. Miaka 61 baadaye hukumu dhidi ya dola ilisomwa Arusha, mahali ambapo mtu wa Kikatiti hufika kwa basi. Hata hivyo, hukumu hiyo haikubadilisha neno lolote la Katiba kwa nguvu yake yenyewe. Kalamu bado ilikuwa mkononi mwa Bunge.

Kubadilisha si kuandika upya

Ibara ya 98 inazungumzia kubadilisha masharti ya Katiba iliyopo. Haisemi namna ya kuiweka kando na kutunga nyingine. Ndiyo sababu mwaka 2011 ilitungwa Sheria ya Mabadiliko ya Katiba, iliyoweka njia ya peke yake: tume ya kukusanya maoni, mabaraza ya Katiba ya kujadili rasimu, Bunge Maalumu, na hatimaye kura ya maoni.

Tume iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ilianza kazi mwaka 2012. Kwa mara ya kwanza wakazi wa vijiji kama vile vya Kikatiti waliweza kusimama mbele ya wajumbe wa tume ya namna hiyo, au kuchagua watu wa kwenda kwenye baraza la wilaya kupitia kijiji na Kamati ya Maendeleo ya Kata. Rasimu ya pili, iliyokabidhiwa tarehe 30 Desemba 2013, ilipendekeza muundo wa serikali tatu. Bunge Maalumu lilikutana Dodoma mwaka 2014 chini ya Samuel Sitta. Mwezi Aprili wajumbe wa upinzani waliojiita UKAWA walitoka nje, wakilalamika kwamba rasimu ya wananchi inageuzwa. Waliobaki waliendelea, na tarehe 2 Oktoba 2014 wakapitisha Katiba Inayopendekezwa yenye muundo wa serikali mbili. Kura ya maoni, ambayo ingehitaji zaidi ya nusu ya kura za kila upande wa Muungano, ilipangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015. Iliahirishwa kwa sababu uandikishaji wa wapiga kura haukuwa umekamilika, na haikufanyika mwaka huo.

Wako wanaosema mchakato ule ulishindwa kwa sababu ya fedha, au muda, au ukaidi wa upande mmoja. Sisi tunaona kiini chake ni swali ambalo halikujibiwa mapema: maoni ya wananchi yaliyokusanywa na tume yanalifunga Bunge Maalumu kiasi gani? Wengine walisema Bunge Maalumu lina mamlaka kamili. Wengine walisema mamlaka hayo yana mipaka, kwa kuwa mwenye Katiba amekwisha sema. Safari iliyoanza bila makubaliano juu ya nahodha haikufika pwani.

Majirani wamefanyaje?

Zanzibar ina Katiba yake ya mwaka 1984, inayobadilishwa na theluthi mbili ya wajumbe wote wa Baraza la Wawakilishi. Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari walipiga kura ya maoni kuhusu serikali ya umoja wa kitaifa, na zaidi ya asilimia 66 walikubali. Katika mabadiliko ya Katiba ya mwaka huohuo iliwekwa ibara ya 80A, inayotaka masharti fulani ya msingi yasibadilishwe mpaka wananchi wapige kura ya maoni. Hivyo ndani ya Jamhuri moja, Mzanzibari ana ulinzi katika Katiba yake ambao mtu wa Kikatiti hana katika Katiba ya Muungano.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaruhusu wananchi wenyewe kuanzisha mabadiliko, wakikusanya saini za wapiga kura wasiopungua milioni moja, na inadai kura ya maoni kwa mambo makubwa. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilizuia mabadiliko yaliyojulikana kama BBI, ikisema Rais hawezi kujifanya mwananchi wa kawaida na kutumia njia iliyowekwa kwa ajili ya wananchi. Uganda nayo inatuonya. Bunge lake liliondoa ukomo wa vipindi vya Rais mwaka 2005, na mwaka 2017 likaondoa ukomo wa umri. Wingi wa kura ulipatikana. Kilichopotea ni kizuizi ambacho Katiba ya mwaka 1995 ilikuwa imekiweka makusudi.

Wajibu wa kada na mwanafunzi

Baada ya uchambuzi huu, tuna mambo matatu ya kusisitiza.

Kwanza, kada atofautishe uamuzi wa chama na sheria ya nchi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa tamko kubwa la kisiasa, lakini halikuwa Katiba. Ukuu wa Chama ulihitaji kuandikwa katika Katiba mwaka 1975, na ulihitaji kufutwa humo mwaka 1992. Chama chenye theluthi mbili Bungeni kina uwezo. Uwezo peke yake hauhalalishi kila kinachoweza kufanywa.

Pili, kada asiridhike kusema kwamba utaratibu umefuatwa. Aulize kama muswada ulifika kijijini kabla ya kufika Dodoma. Kama ulielezwa kwa Kiswahili kinachoeleweka. Kama waliopinga walisikilizwa. Mbunge anayepiga kura ya kubadilisha Katiba bila kurudi jimboni ametumia sauti ya watu wote wa jimbo kwa hesabu ya mtu mmoja.

Tatu, suala la kura ya maoni lijadiliwe bila woga. Kuna hoja nzito za kuiingiza katika ibara ya 98 kwa mambo ya msingi: Muungano, haki za binadamu, ukomo wa madaraka. Ziko pia hoja za kinyume. Kura ya maoni ni ghali, na hujibu ndiyo au hapana kwa mambo ambayo pengine yanataka mashauriano zaidi. Hoja hizo zipimwe. Lakini asiwepo anayesema kwamba wakulima wa Kikatiti hawawezi kuelewa Katiba. Babu zao waliichangia fedha safari ya New York kwa sababu walielewa vizuri kabisa tofauti kati ya haki na hisani.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Eleza tofauti kati ya milango miwili ya ibara ya 98. Kwa nini mambo ya Muungano yamewekewa mlango wa pili?

2. Soma Orodha ya Pili ya Nyongeza ya Pili. Je, ibara ya 98 yenyewe inalindwa na mlango upi?

3. Mwaka 1992 uamuzi ulikwenda kinyume cha walio wengi kati ya waliotoa maoni. Je, ulikuwa uamuzi wa kidemokrasia? Toa hoja za pande zote mbili.

4. Linganisha msimamo wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 2010 na ule wa India wa mwaka 1973. Upi unamlinda zaidi mwananchi, na kwa gharama gani?

5. Kama kijiji chenu kingepewa haki ya kuanzisha pendekezo la kubadilisha Katiba, mngependekeza nini, na mngewashawishi vipi wenzenu wa Pemba, Mtwara na Kigoma?